Nyasi za Aina Tatu na Palizi ya Mama

Nyumba yetu ipo Iyunga, Mbeya, upande wa juu wa barabara kuu, ina bati la bluu na veranda pana kuliko zote za mtaa ule. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila veranda hiyo habari hii isingekuwapo.

Niliondoka nchini na begi moja la mgongoni, nikarudi baada ya miaka kumi na moja na diploma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Huko Ulaya ya kaskazini nilianza kwa kuosha masufuria, nikapanda nikawa mtu wa kusawazisha mchanga kwenye uwanja wa gofu, nikasoma jioni kwa miaka mitatu wenzangu wakicheza karata, na mwisho nikapewa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu kinachosema mimi ni mtaalamu wa nyasi za viwanja na bustani. Kipo sebuleni, ndani ya fremu ya mbao ya paina, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Mke wangu ni muuguzi na ana vyeti viwili. Vyake anaviweka kwenye droo.

Nyumba ilipokwisha, yalibaki mambo mawili: uwanja wa mbele na mama yangu.

Mama alikuwa akiishi peke yake kijijini, ndani kidogo ukitokea Mafinga, tangu baba alipofariki. Baba alifariki nikiwa huko, na sikuja kuzika; karatasi zangu hazikuwa zimekaa sawa. Jambo hilo mama hajawahi kulisema, na mimi sijawahi kuliuliza. Lakini niliporudi niliapa kwamba huyu aliyebaki hatazeekea peke yake. Nilimjengea chumba kizuri kuliko chetu, dirisha linatazama uwanja wa mbele, ili awe anakaa, anapumzika, anatazama kijani. Nilipompigia simu kumweleza, alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja kuangalia, baba," alisema. "Nikikuta kazi, nitakaa. Nikikuta kukaa tu, narudi kwangu kabla ya Kwaresima."

"Mama, umri huo bado unatafuta kazi?"

"Umri huu nikikosa kazi, mtanizika."

Nilicheka. Kwa mtu aliyesoma, nilikuwa mwepesi sana wa kucheka.

Sasa uwanja. Kwetu, iwe Mbeya au Iringa, ua mzuri ni ule usio na kitu. Udongo hufagiwa kila asubuhi mpaka unakuwa mgumu na kung'aa, na alama za ufagio zinabaki zimejipanga kama nywele zilizochanwa. Nyasi zikifika mlangoni, watu husema mwenye nyumba anaumwa au amehama. Wachache wanaotaka kijani huenda kuomba ukoka kwa mtu, wakaubeba kwenye kiroba na kuuchomeka kipande kimoja kimoja, halafu wakangoja utambae. Kupanda nyasi kwa mbegu hakuna anayefanya. Nilimweleza nia yangu ya kufanya hivyo jirani yangu, mstaafu wa reli ambaye kazi yake siku hizi ni kuegemea uzio wangu.

"Bwana Ulaya, unapanda nyasi?" alisema. "Sisi hapa tunawalipa watu wazing'oe."

"Hizi si nyasi za kuota ovyo, mzee. Ni mchanganyiko."

"Mchanganyiko wa nyasi na nini?"

"Wa nyasi na nyasi."

Alimwita mkewe aje asikie mwenyewe.

Nieleze hapa, kwa faida ya wasiopata nafasi ya kusoma. Uwanja wa nyasi ya aina moja ukipatwa na ugonjwa mmoja, unakufa wote. Tena uwanja wangu haukuwa wa namna moja: karibu na veranda kivuli kinalala mpaka saa nne, upande wa barabara ni jua na vumbi, na kuanzia mwezi wa sita kiangazi chetu kinakuja na baridi inayounguza majani. Kwa hiyo nilichagua aina tatu. Ya kwanza huota upesi, ndani ya wiki, ikawa kama dada mkubwa anayewafunika wadogo wasisombwe na mvua. Ya pili ina majani membamba kama sindano, na kivuli haikiogopi. Ya tatu huchelewa mpaka mtu akate tamaa, lakini ikishaanza hutambaa chini kwa chini na kuziba kila pengo. Mwenye duka la pembejeo aliniagizia zote tatu, kisha akaniuliza nina ng'ombe wangapi.

Kila pakiti niliijaribu kwanza. Nilihesabu mbegu mia, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaziweka juu ya friji na kuwakataza watu wote kukifungua. Zilipoota vizuri nikachanganya kwenye karai, kwa vipimo nilivyovijua mimi na karai tu. Uwanja niliutifua, nikauchambua mawe, nikausawazisha kwa reki na kamba mpaka mke wangu akauliza kama ndege itatua.

Nilikosea mahali pamoja, na kosa hilo nalitaja ili ionekane kwamba mtu anayejiamini haogopi kutaja. Diploma inasema samadi ioze mpaka ipoe. Samadi yangu niliitoa kwa mama mmoja wa bondeni anayepika pombe ya kienyeji. Anafuga ng'ombe wawili na anawatandikia makapi ya ulezi. Ilikuwa bado ina moto. Lakini mvua zilikuwa zimeshakolea, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu. Niliichekecha mara moja, nikaimwaga.

Kilichobaki kilikuwa kigogo cha kushindilia, maana mbegu ndogo lazima ibanwe na udongo. Huko nilikosoma tulikuwa na mtambo wa chuma. Hapa nilikodi pikapu, nikaenda Mafinga, na kwenye kiwanda kimoja cha mbao nikachagua gogo la paina lililonyooka kuliko yote, nikalipigilia vyuma vya mkono kila upande. Kutoka hapo nikaingia kijijini kumchukua mama. Gogo lilikaa nyuma na mama akakaa mbele, ameshika begi lake la kitambaa mapajani, mdomo wa begi umefungwa kwa khanga. Kuanzia Mafinga mpaka Iyunga alisema neno moja tu kuhusu mzigo wangu.

"Mmeishiwa kuni?"

Kesho yake nilipanda. Nilimwaga mbegu kwa mkono nikitembea polepole, mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana. Nikafukia kidogo kwa reki, nikavuta gogo juu yake. Mama alikuwa amesimama kwenye veranda, mikono nyuma. Nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kumbe hujasahau," alisema.

Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti. Nikamweleza kwamba hiyo ni mbegu bora, imechanganywa kitaalamu, nikamtajia majina yake ya kitabuni, matatu, marefu. Neno nyasi sikulitaja. Mtu wa fani yangu hasemi nyasi, kama vile daktari hasemi tumbo.

"Na palizi lini?" aliuliza.

"Hizi hazina palizi, mama. Zinasongana zenyewe, magugu hayapati nafasi."

"Huko Ulaya magugu yanaogopa diploma?"

"Wewe pumzika tu. Na usikanyage."

Akapumzika. Sijawahi kuona mtu anayepumzika kwa shida kama vile. Siku ya kwanza aliamka alfajiri akatafuta pa kufagia, akakuta mbele pamepandwa na nyuma nimemwaga zege. Siku ya pili alifagia zege. Mke wangu alikuwa akienda kazini, mimi nikienda kwenye shughuli zangu, na tukirudi tunamkuta kwenye kiti nilichomnunulia, anatazama uwanja ambao ulikuwa bado udongo mtupu, kama abiria anayengoja basi la jana. Begi lake alilisukuma chini ya kitanda bila kulifungua lote. Kila alipotaka nguo alilegeza khanga, akachomoa moja, akafunga tena.

"Mama yako anahesabu siku," mke wangu aliniambia.

"Anazoea."

"Umeona begi?"

Nilikuwa nimeliona. Nilijiambia kijani kikitokea, atatulia.

Kikatokea. Kwanza kama ukungu juu ya udongo, mtu anauona akiinama tu, halafu kweli kweli. Kila aliyepita njia nilimsimamisha. Nilipiga picha nyingi, na kwa picha hizo nikapata mwito kutoka kwa mwenye nyumba ya wageni mjini Iringa aliyetaka uwanja kama wangu. Nikaenda kupima. Nilikaa huko siku nne, maana mteja aliuliza maswali mengi na mimi nilikuwa na majibu mengi zaidi. Nilimwambia hakuna mwingine katika nyanda zote za juu anayeweza kazi ile. Alikubali haraka, na mimi nikaona ni haki yangu.

Nilirudi siku ya tano mchana. Jirani alikuwa kwenye uzio, amesimama wima, jambo ambalo lingetosha kunishtua.

"Karibu, Bwana Ulaya! Mama yako ameliokoa shamba."

"Shamba gani?"

Nikatazama. Uwanja wangu ulikuwa udongo tena, mweusi, safi, umetifuliwa kwa jembe dogo. Juu ya udongo huo, shina moja hapa, shina moja pale, kwa nafasi sawasawa, ilisimama mimea iliyoachwa. Kando ya uzio kulikuwa na malundo ya miche iliyong'olewa, yamepangwa mizizi juu ili jua liyamalize. Katikati walikuwa wamechuchumaa akina mama wawili wa jumuiya ya kanisani, khanga zimefungwa viunoni, na mama yangu mbele yao akiwa na udongo mpaka viwikoni. Kwenye veranda, juu ya kiti cha kupumzikia, palikuwa na ndoo ya togwa. Mama alionekana mdogo kwa miaka kumi.

"Kamwene, baba!" aliita. "Umekuta tunamalizia."

"Mama, umefanya nini?"

"Kazi yako. Ulezi haungoji mtu arudi safari."

"Ulezi gani?"

"Ulioupanda!" Aliwatazama wenzake, akaona haya kwa niaba yangu. "Lakini mwenye duka amekuibia. Njoo uone."

Alinipeleka kwenye malundo. Nilidhani ni takataka zilizochanganyika. Zilikuwa tatu, na hazikuchanganyika hata kidogo.

"Hii, tazama kitakoni, ina wekundu. Ilikuwa nyingi kuliko zote. Hii majani yake sindano, ilijificha huko kwenye kivuli. Hii ndogo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka, hii ndiyo mbaya, ukiiachia itatambaa mpaka ndani ya nyumba. Mbegu tatu za magugu amekutilia ndani ya ulezi. Na ulezi wenyewe kidogo! Mbegu ya kuchanganya, baba, ni mbegu ya mwizi. Hukuonja hata moja kwa jino?"

Wale akina mama wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema hata yeye aliwahi kuuziwa maharage hivyo hivyo.

Nilisoma muhula mzima kuitambua miche hiyo mitatu kabla haijafikisha wiki nne. Kwenye mtihani tulipewa lenzi, na kuna watu walifeli. Mama alikuwa ameitenga kwa vidole, bila miwani, shina baada ya shina, kwa sababu katika maisha yake yote amepalilia ulezi, na ulezi una gugu linalofanana nao kama pacha. Asiyejua huling'oa zao na kuliacha gugu. Ule wa makapi, ulioingia na samadi yangu ya moto, alikuwa ameutambua wote na kuulinda wote. Palipokuwa na mashina mawili karibu alihamisha moja kwenye pengo.

Leo naweza kuandika hayo kwa utulivu. Siku ile nilipiga kelele.

"Umeng'oa nyasi zangu!"

"Nimeng'oa nyasi, ndiyo. Ulitaka ning'oe nini?"

"Nyasi ndizo nilizozipanda!"

Akanitazama, akawatazama wenzake, akanitazama tena.

"Nani hupanda nyasi mlangoni kwake?"

"Mimi! Nina diploma ya nyasi! Miaka mitatu, mama! Umeharibu kazi ya miezi yote, na nilikwambia usiguse. Nilikwambia ukae!"

Jirani akaondoka kwenye uzio. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akiondoka mambo yakiwa yamenoga. Akina mama wale wakafungua khanga, wakaaga kwa sauti ya msibani. Mama alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nimekaa wiki tano," alisema. "Nimeweza wiki tano. Kesho nipeleke stendi."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama mtu aliyejaribu kiatu, akakiona hakimtoshi.

Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Nilitoa gari nje ya geti, nikakaa ndani yake nikingoja, na kwa kioo cha pembeni nikawa naona veranda. Mama alitoka na begi, khanga imefungwa mara mbili. Mke wangu alitoka nyuma yake akiwa na sare ya kazini. Mama alishuka ngazi, akaufuata ukingo wa uwanja, hakukanyaga. Katikati ya njia akasimama. Shina moja lilikuwa limelala kwa mvua. Akaliweka begi chini kwenye tope, begi ambalo kwa wiki tano hakutaka lipate hata vumbi, akachuchumaa, akalisimamisha lile shina, akaliwekea udongo kitakoni na kuubana kwa kidole gumba. Vile vile nilivyobana mimi kwa gogo la Mafinga, ila yeye hakukodi pikapu.

Nikashuka kwenye gari. Kuomba radhi ni jambo ambalo sikufundishwa nyumbani wala chuoni, kwa hiyo niliuliza swali.

"Mama, ulezi hupaliliwa mara ngapi?"

Hakuinua kichwa. "Mara mbili."

"Ya pili lini?"

"Wiki tatu kutoka sasa."

"Nani atapalilia?"

"Wewe una diploma."

"Diploma yangu haina ulezi. Nitaling'oa zao na kuliacha gugu."

Alisimama, akajipangusa magoti. "Mkeo je?"

"Mimi, mama?" mke wangu alisema kutoka kwenye ngazi, haraka kuliko nilivyotarajia. "Mimi nimezaliwa mjini. Nitang'oa vyote, na mlango nitang'oa."

Mama hakucheka, lakini mdomo ulimchezacheza. Akaangalia uwanja mzima, kutoka kwenye veranda mpaka uzioni, akihesabu.

"Wiki tatu," alisema. "Halafu unanipeleka."

Akabeba begi, akalirudisha chini ya kitanda likiwa limefungwa vile vile, na tope lake.

Wiki tatu zilipita, akapalilia. Akasema ni aibu kuondoka kabla ya masuke kutoka. Masuke yakatoka, yamefumbata kama vidole vya mtoto, na ndege wakaja. Akasema nani atafukuza ndege. Kwaresima ilikuja ikapita. Kila asubuhi alikuwa uwanjani kabla sijaamka, na akina mama wa jumuiya wakawa wanapitia hapo wakitoka sokoni, wengine wakiomba awaonyeshe lile gugu pacha. Kiti cha kupumzikia alikichukua jirani, akakihamishia upande wake wa uzio; nadhani hatakirudisha. Mteja wangu wa Iringa alipiga simu kuuliza uwanja wa mfano unaendeleaje. Nilimwambia upo katika hatua ya nafaka, na kwamba hatua hiyo haimo katika vitabu vingi. Kwake nilipanda ukoka wa kuomba, wa kiroba. Umetambaa vizuri.

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza, nilirudi mchana mmoja nikamkuta mama uwanjani na kisu kidogo, anakata masuke moja moja na kuyatia kwenye kitu kilichokuwa kimekaa miguuni pake, kimejaa mpaka pomoni. Niliangalia mara mbili. Lilikuwa begi lake la kitambaa. Nilikwenda chumbani kwake. Nguo zake zote, magauni, sweta, khanga za kanisani, na koti la baba ambalo sikujua alikuja nalo, zilikuwa zimewekwa kitandani kwa mafungu.

"Nilikosa kiroba," alisema kutoka nje, kupitia dirishani, bila kuacha kukata. "Ulezi hautiwi kwenye mfuko wa plastiki, unavunda."

"Na nguo?"

"Si una mbao huko Mafinga? Nitengenezee kabati. Na safari hii usipige tu vyuma pembeni."

Kabati nimelitengeneza mwenyewe, la paina, lina milango miwili na droo tatu, na hakuna fundi wa Mbeya atakayeniambia lina kasoro, ingawa droo ya chini inahitaji kuinuliwa kidogo kabla ya kuvutwa. Gogo la kushindilia mama anakalia akipepeta. Mvua zijazo ameshanieleza nitakavyopanda: ulezi mtupu, mbegu safi, aliyoichagua yeye. Pembeni ya geti ameniachia kipande cha hatua nne kwa nne kwa ajili ya mchanganyiko wangu, kwa sharti kwamba ile inayotambaa nisiitie.